Difyuza za kutengeneza nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Difyuza inafanya kazi gani hasa?

Difyuza ni kitambaa au karatasi nyeupe inayowekwa mbele ya taa, na kazi yake ni kupanua chanzo cha mwanga. Wengi hudhani weupe wa kitambaa ndio unaolainisha mwanga, kana kwamba mwanga ukipita humo hutoka umepoa. Kinacholainisha kivuli ni ukubwa wa taa kama unavyoonekana kutoka pale alipo anayepigwa picha. Jua lina kipenyo cha takribani kilomita milioni 1.4, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150, kwa hiyo tunaliona dogo, nusu digrii tu ya anga, na vivuli vyake vina kingo kali. Wingu zito likitanda, anga zima linageuka kuwa taa na vivuli vinafifia hadi huvioni. Difyuza ni wingu unalolitengeneza mwenyewe na kuliweka unapotaka.

Jaribu hivi. Simamisha kalamu sentimita 5 mbele ya ukuta mweupe, kisha iwashie flashi tupu yenye kioo cha upana wa sentimita 6 kutoka umbali wa sentimita 60. Ukingo wa kivuli utafifia kwa nusu sentimita tu, na kivuli chenyewe kitakuwa cheusi, kimekatika kama kwa wembe. Sasa weka mahali pa flashi kitambaa chenye upana wa sentimita 60, na taa nyuma yake. Ukingo unafifia kwa sentimita 5, zaidi ya unene wa kalamu yenyewe, na kinachobaki ukutani ni ukungu wa kijivu. Hesabu yake ni rahisi: upana wa taa, mara umbali kati ya kalamu na ukuta, gawanya kwa umbali kati ya taa na kalamu.

Kwa nini nimeweka kitambaa na vivuli bado ni vikali?

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na sababu zake huwa mbili.

Ya kwanza, taa iko karibu mno na kitambaa. Flashi ikiwa sentimita 10 nyuma ya kitambaa cha mita nzima, inayomulika ni duara dogo la katikati. Kitambaa kilichobaki ni pambo tu. Rudisha taa nyuma mpaka ijaze kitambaa chote. Kwa flashi ya juu ya kamera iliyowekwa kwenye zumu (kiasi cha kutawanya au kukusanya mwanga) ya milimita 24, umbali unaotosha ni karibu sawa na upande wa kitambaa: kitambaa cha sentimita 60 kinataka flashi iwe sentimita 60 nyuma yake. Zumu ikibaki kwenye milimita 105, mwanga unakwenda kama tochi na doa la katikati halitaondoka hata ufanye nini.

Ya pili, kitambaa kiko mbali mno na mtu. Mita moja ya kitambaa iliyo umbali wa mita 4 ni taa ndogo. Anza na umbali unaolingana na ulalo, yaani kona hadi kona, wa fremu inayoshika kitambaa: fremu ya sentimita 60 kwa 60 ina ulalo wa sentimita 85, basi iwe sentimita 85 kutoka usoni. Ukitaka laini zaidi, sogeza mpaka ikaribie kuingia kwenye picha.

Ili kujua kama kitambaa kimejaa, kipige picha chenyewe. Kiangalie kutoka upande wa anayepigwa picha na punguza mwanga wa kamera mpaka kitambaa kionekane cha kijivu. Ukiona duara jeupe katikati na pembe nyeusi, taa haijasambaa.

Ni vitu gani vinafaa kutengenezea?

Karatasi ya tresingi inayotumiwa na wachoraji ramani ndiyo tunayoipendekeza kwanza kwa vitu vidogo. Haina mistari ya nyuzi, haina rangi ya ajabu, na inakaa imenyooka ukiibana vizuri. Ubaya wake ni kupasuka na kuvimba ikipata unyevu. Karatasi ya kuokea mikate inafanya kazi hiyohiyo, ila chagua nyeupe, kwa sababu ile ya kahawia itapaka picha nzima rangi ya chai.

Kwa difyuza kubwa, pazia la bafuni la plastiki nyeupe isiyo na maua ni zuri sana: pana, halipitishi maji, na tayari lina matundu ya kufungia. Nailoni nyeupe nyepesi, ya aina inayoshonewa mahema na miavuli, ni bora zaidi kwa uimara. Shuka jeupe la pamba linakubalika, lakini linakula mwanga mwingi na lina tabu ya rangi tutakayoieleza chini.

Mifuko myeupe ya plastiki huwa myembamba mno. Taa inaonekana kupitia humo. Kipimo cha haraka: inua kitu hicho mbele ya balbu kwa umbali wa nusu mita. Ukiona umbo la balbu, hakitoshi peke yake. Ukiona mwanga umeenea bila umbo, kinafaa. Stairofomu nene ni kinyume chake: inazuia karibu kila kitu, itumie kurudishia mwanga badala ya kuupitisha.

Nitapoteza mwanga kiasi gani?

Tabaka moja la tresingi, pazia jembamba au nailoni nyeupe kwa kawaida hula takribani stopu 1, yaani nusu ya mwanga. Shuka la pamba linaweza kuvuka hapo, na matabaka mawili hufika stopu 2 au zaidi. Lakini kila kitambaa kina tabia yake, kwa hiyo pima chako.

Weka karatasi nyeupe mita moja kutoka kwenye taa, kamera kwenye hali ya kujipangia mwenyewe. Piga bila difyuza kwa f/8, namba inayoonyesha upana wa tundu la lenzi. Weka difyuza kati yao bila kusogeza taa wala karatasi, kisha fungua tundu la lenzi mpaka weupe ulingane na wa mwanzo. Ukifika f/5.6 umepoteza stopu 1. Ukifika f/4, stopu 2. Kwa taa inayowaka mfululizo unaweza kubadilisha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, badala ya tundu. Kwa flashi usijaribu hivyo, kwa sababu shata haibadilishi kiasi cha mwanga wa flashi kinachoingia. Andika matokeo kwa kalamu ya wino kwenye pindo la kitambaa, hutapima tena.

Usisahau pia umbali. Taa ndogo ukiirudisha nyuma mara mbili, mwanga unaofika ni robo, yaani stopu 2 zimekwenda. Mara nyingi mtu hulaumu kitambaa wakati aliyekula mwanga ni umbali.

Nitengenezeje fremu ya mita moja kwa moja?

Unahitaji bomba la PVC la nusu inchi urefu wa mita 4, kona 4 za bomba hilo, kitambaa cha sentimita 100 kwa 100, na lastiki ya kushonea sentimita 60.

Kata bomba vipande 4 vya mita moja na usawazishe kingo kwa msasa, maana kingo zenye miba hutoboa nailoni. Unganisha kwa kona bila gundi. Msuguano unatosha, na utaweza kuifumua na kuibeba. Pinda kitambaa sentimita 2 kila upande, ushone, kibaki sentimita 96. Kata lastiki vipande 4 vya sentimita 15, kunja kila kimoja kiwe kitanzi, na ukishone kwenye pembe ya kitambaa. Kona za bomba huongeza ukubwa kidogo, hivyo fremu itatoka takribani sentimita 104 kwa nje, na vitanzi vitavutika kuvuka pengo hilo. Mvutano ndio unaoondoa mikunjo. Katikati ya kila upande ongeza kamba fupi ya kufungia kwenye bomba, la sivyo kitambaa kitalegea na kushuka tumbo.

Kosa linalojirudia ni kushona kitambaa kikiwa kimelingana kabisa na fremu. Pamba ikifuliwa inarudi ndani, nailoni ikipata unyevu inalegea, na pasipo lastiki hakuna cha kufidia. Fua shuka kwanza, ndipo ukate.

Nje, mita ya mraba ya kitambaa ni tanga. Upepo mdogo tu unaiangusha pamoja na stendi na taa. Weka mfuko wa mchanga wa kilo 5 au zaidi kwenye kila mguu, na bado awepo mtu wa kushika.

Na softiboksi ya katoni kwa ajili ya flashi?

Softiboksi ni boksi linalofungia taa nyuma na kufunikwa kwa difyuza mdomoni. Hii tunaipenda kwa sababu inafundisha mengi kwa vifaa vichache. Kwa mdomo wa sentimita 40 kwa 40 na kina cha sentimita 35, kata vipande 4 vya katoni vyenye umbo la trapeza: upande mpana sentimita 40, mwembamba sentimita 8, na urefu wa katikati sentimita 38.5. Urefu huo unazidi kina kwa sababu kuta zimelala. Viunganishe kwa tepu ya kitambaa, ndani na nje. Nyuma utabaki na tundu la sentimita 8 kwa 8. Kichwa cha flashi huwa kipana kuliko kimo, hivyo jaza nafasi iliyobaki kwa vipande vya sponji mpaka kikae bila kutikisika.

Ndani bandika foili uliyoikunjakunja kisha ukainyoosha. Foili laini kabisa hufanya kama kioo na kuchora mistari ya mwanga mbele, mikunjo inautawanya. Karatasi nyeupe inasambaza vizuri zaidi lakini inarudisha mwanga mchache.

Kisha jambo ambalo wengi huliruka: kizuizi cha ndani. Kata tresingi ya sentimita 15 kwa 15, uitundike kwa nyuzi 4 katikati ya boksi, sentimita 15 kutoka kwenye flashi. Pale boksi lina upana wa karibu sentimita 22, kwa hiyo pembeni mwanga unapita na kupiga foili, na katikati unapunguzwa. Bila hicho utapata doa kali katikati ya mdomo, na doa hilo ndilo litakalofanya kazi ya taa. Matabaka mawili yaliyogusana hayaleti matokeo hayo. Yanapunguza mwanga, doa linabaki. Siri iko kwenye nafasi kati yake.

Mdomoni funika kwa tresingi au nailoni, lakini iingize ndani sentimita 3 ili ukingo wa katoni uzuie mwanga usimwagike ukutani. Ukuta wa kijani ukimulikwa, shavu la mtu nalo linapata kijani.

Difyuza ndogo ya flashi iliyojengwa ndani ya kamera inasaidia?

Kwa picha ya mtu aliye mita 2, kidogo sana. Kipande cha sentimita 10 kwa 15 kwa umbali huo bado ni taa ndogo. Kitapunguza ukali wa mng'ao kwenye paji la uso, basi. Kwa mdudu au ua lililo sentimita 20 kutoka kwenye lenzi, kipande hichohicho ni taa kubwa, na matokeo yake yanapendeza mno. Kipinde kidogo kielekee chini kama paa, kikaribie mdomo wa lenzi, na utumie f/11 hadi f/16. Ukiona nusu duara nyeusi chini ya picha, hicho ni kivuli cha lenzi: inua kipande au toa kofia ya kukinga mwanga iliyo mbele ya lenzi.

Vile vikombe vyeupe vya kuvisha flashi je?

Vinafaa ndani ya chumba chenye dari na kuta nyeupe, kwa sababu vinarusha mwanga kila upande na kuta ndizo zinazogeuka kuwa taa kubwa. Uwanjani hakuna kuta. Mwanga unaorushwa pembeni na juu hauna cha kuurudisha, betri inaisha, kivuli ni kilekile.

Picha zangu zimekuwa za bluu. Kwa nini?

Shuka, nailoni na karatasi nyingi nyeupe zina kemikali za kung'arisha, na sabuni za kufulia huongeza nyingine. Kemikali hizo humeza mionzi ya urujuanimno na kuitoa upya kama mwanga wa bluu. Ndiyo maana shuka jipya linaonekana jeupe kupita jeupe. Mwanga wa jua una mionzi hiyo na flashi nazo huitoa, kwa hiyo tatizo linajitokeza hapo zaidi kuliko kwenye balbu za LED. Ukiwa na taa ndogo ya kukagulia noti, mulika kitambaa gizani: kikiwaka bluu, ndicho chenye kasoro.

Dawa ni kupima mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kamera unaofanya nyeupe ionekane nyeupe, kupitia difyuza. Piga kadi ya kijivu iliyo mahali pa anayepigwa picha, na uitumie kupanga mizani. Kadi iwe ya kijivu halisi. Karatasi ya ofisi nayo ina kemikali zilezile. Kisichotibika kirahisi ni kuchanganya: taa moja ikipita kwenye shuka na nyingine kwenye tresingi, uso utakuwa na rangi mbili, na kurekebisha upande mmoja kunaharibu wa pili. Tumia kitambaa cha bunda moja kwa taa zote.

Plastiki iliyokaa juani miezi mingi hugeuka njano polepole bila mtu kugundua. Ilinganishe na kipande kipya kila baada ya muda.

Je, kuna hatari ya moto?

Ipo, na ichukuliwe kwa uzito. Kioo cha balbu ya halojeni kinaweza kuvuka nyuzi 250 za Selsiasi, na karatasi hushika moto karibu na kiwango hicho. Usifungie halojeni wala balbu ya uzi ndani ya boksi la katoni, hata kwa dakika chache. Ukilazimika kuitumia, kitambaa kisimame peke yake kwenye fremu, nusu mita au zaidi mbele ya taa, na mtu asiondoke chumbani ikiwa inawaka.

LED ni salama zaidi, lakini nayo inapata joto kitakoni. Acha matundu nyuma na juu ya boksi, vinginevyo itakufa mapema. Flashi inayolipuka mfululizo kwa nguvu kamili huyeyusha plastiki iliyoigusa. Acha sentimita 5 angalau.

Na foili inapitisha umeme. Isifike kwenye holda ya balbu: acha sentimita 5 bila foili kuzunguka tundu, funika ukingo kwa tepu, na chomoa waya ukutani kabla ya kuingiza mkono.

Nitengenezeje kibanda cha kupigia vitu vidogo?

Chukua boksi la sentimita 50 kila upande. Kata madirisha ya sentimita 40 kwa 40 kushoto, kulia na juu, ukiacha ukingo wa sentimita 5 ili boksi lisilegee. Funika kwa tresingi. Ndani weka karatasi ya manila nyeupe ya upana wa sentimita 49 na urefu wa karibu mita moja, ianzie juu nyuma na iteremke hadi mbele kwa mpindo. Usiikunje kwenye pembe. Mkunjo mmoja tu utaonekana kama mstari kwenye kila picha.

Taa ziwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye madirisha. Weupe ukitoka wa kijivu, kibanda hakina kosa: kipima mwanga cha kamera kinavuta kila kitu kuelekea kijivu, basi ongeza fidia ya mwanga kwenye kamera, stopu +1 hadi +1.7.

Kwa nini mikunjo ya kitambaa inaonekana kwenye kijiko lakini haionekani kwenye tunda?

Tunda linapokea mwanga na kuutawanya; kijiko ni kioo. Unapopiga kijiko, chupa, saa au miwani, kwa kweli unapiga picha ya difyuza iliyomo ndani yake. Angalia kwa karibu tumbo la kijiko: utaona fremu, mishono, mkunjo ulioachwa na pasi, na doa la taa nyuma ya kitambaa, vyote vimejipinda. Kwa vitu hivyo usitumie shuka hata likiwa limepigwa pasi. Tumia tresingi ya bunda, kipande kimoja kisicho na maungio, kikubwa kiasi cha kujaza kila sehemu inayoakisi upande huo.

Hapa pia kanuni ya kujaza kitambaa inageuzwa kwa makusudi. Sogeza taa ielekee ukingo mmoja wa tresingi, na mng'ao kwenye chupa utaanza mweupe upande mmoja na kufifia taratibu kwenda mwingine. Ufifiaji huo ndio unaoonyesha mviringo wa kioo. Tresingi iliyojaa sawasawa ingetoa bamba jeupe tu.

Niweke pazia dirishani?

Kama jua linaingia moja kwa moja, ndiyo: pazia linageuka kuwa taa yenye ukubwa wa dirisha zima. Kama dirisha halipigwi na jua, mwanga unaoingia umeshatawanywa na anga, na pazia litakupunguzia mwanga bila faida kubwa. Liondoe, msogeze mtu karibu na dirisha.

Mistari ya giza kwenye picha za LED inatokana na difyuza?

Hapana. Balbu za LED zisizo na saketi nzuri hupepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, na mara 120 kwenye hezi 60. Tumia shata ya 1/50 au 1/100 kwa umeme wa kwanza, 1/60 au 1/120 kwa wa pili. Ukinunua balbu mpya, tafuta yenye fahirisi ya rangi (CRI, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi halisi) ya 90 kwenda juu. Difyuza haiwezi kurudisha rangi nyekundu ya ngozi ambayo balbu haikuitoa.

Je, mtu anaweza kusogeza difyuza karibu kupita kiasi?

Anaweza. Ikiwa sentimita 40 kutoka kwenye uso mmoja, inapendeza. Wakikaa wawili, wa kwanza sentimita 60 na wa pili sentimita 120, wa pili anapata kiasi kinachokaribia robo ya mwanga wa mwenzake, na hakuna uhariri utakaowalinganisha vizuri. Kwa kundi, tumia fremu kubwa zaidi na uirudishe nyuma, ili tofauti ya umbali kati ya wa mbele na wa nyuma iwe ndogo. Fremu ya mita 1.2 kwa 2 inatosha watu watatu waliokaa bega kwa bega. Bomba la nusu inchi litapinda kwa urefu huo, tumia la robo tatu na uweke kipande cha kukatiza katikati, upande wa taa lakini kisigusane na kitambaa, ili kivuli chake kifutike kabla ya kufika.